Herufi Iliyozidi Getini

Wanafunzi walimwita Bi Esi, na hata walimu wenzake walikuwa wameshasahau kumwita vingine. Jina lilitokana na herufi moja ya Kiingereza, ile S inayotakiwa kuning'inia mwishoni mwa kitenzi pale anayetenda ni mtu mmoja, na ambayo watoto waliisahau kila siku iendayo kwa Mungu. Mtoto angesimama na kusema, "My brother go to school." Bi Esi angeinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikia mlango ukigongwa kwa mbali, kisha angeuliza kwa upole, "Jamani, kuna mtu tumemwacha nje. Nani huyo?"

Darasa zima lingeitikia, "Esi!"

Naye angekwenda ubaoni kuiandika "goes", akiipinda ile S kwa madaha.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, na mkononi alivaa saa ya kiume ya marehemu baba yake, iliyomlazimu kuipandisha hadi karibu na kiwiko ili isimdondoke. Aliishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la fundi viatu. Hakuolewa, na mtu akimuuliza kwa nini, alijibu kuwa wachumba wote walikuwa na haraka na yeye alikuwa anasahihisha madaftari.

Mapenzi yake na Kiingereza yalianza kwa ugomvi. Alipokuwa mtoto wa darasa la nne, mwalimu wake alimuuliza kwa nini jana hakuja shule. Akajibu, "My mother he is sick." Mwalimu akageukia darasa na kusema, "Jamani, mama wa mwenzenu ana ndevu!" Watoto wakacheka hadi wakagonga madawati. Mama yake alikuwa mgonjwa kweli, amelala nyumbani anatetemeka kwa homa, na yeye ndiye aliyeshinda akimkanda kwa kitambaa cha maji. Tangu siku hiyo hadi mwaka unakwisha hakufungua tena mdomo kusema Kiingereza.

Alipokuwa mkubwa ndipo alipoelewa kilichotokea. Nyumbani kwao baba ni yeye, mama ni yeye, mtoto ni yeye, hata ng'ombe akitaka. Hakuna aliyewahi kumtenganishia. Angejuaje kwamba wenye lugha ile nyingine wana yeye wa kiume na yeye wa kike? Hakuwa mjinga. Alikuwa ameingia nyumba ya watu na viatu vya kwao. Na yule mwalimu, badala ya kumwonyesha pa kuviweka, alimwitia watu wamcheke.

Basi alipopata darasa lake mwenyewe, alikuwa na sheria, na sheria zake hazikuwa na mchezo. Kumcheka aliyekosea ni marufuku. Aliyekosea haambiwi amekosea kabla hajaulizwa alikuwa anafikiri nini. Mtoto akisema "I did not went," Bi Esi angemuuliza, "Nieleze, ulitaka nini hapo?"

"Nilitaka ijulikane ni jana, mwalimu."

"Umefikiri vizuri. Ila huyu 'did' ameshaibeba jana yote peke yake. Huyu wa pili mwache atembee mikono mitupu. Aweje?"

"Go."

"I did not go. Kaa."

Na sheria ya mwisho ilikuwa kwamba mwalimu naye akikosea, atakayeona anyooshe mkono. Walimkamata mara kadhaa, kwa furaha isiyo na kifani, na yeye aliwashukuru na kufuta. Watoto waliokuwa bubu katika vipindi vingine waligeuka wasemaji katika darasa lake.

Shule yenyewe ilikuwa ya binafsi, ghorofa tatu za rangi ya samawati kwenye barabara ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwenye shule aliitwa Mkurugenzi na watu wote, pamoja na mkewe. Hakuonekana sana. Aliyeonekana ni makamu mkuu wa shule, bwana mwembamba aliyetembea bila viatu vyake kusikika, na ambaye kila jambo lililosemwa kwenye chumba cha walimu lilimfikia Mkurugenzi kabla chai haijapoa.

Muhula mmoja Bi Esi aliwapa watoto wa darasa la saba kazi ya kufanya wikiendi. Kila mmoja atembee mtaani kwao, atafute sentensi ya Kiingereza iliyoandikwa hadharani, aone kosa lake, alilete darasani. Jumatatu darasa lilijaa kama soko. Mmoja alileta bango la gereji lililosema "Don't parking here." Mwingine alileta la duka la dawa, "We gives good advices," na akaeleza, kifua mbele, kwamba S zote mbili zimeingia bila kualikwa. Wa tatu alileta la saluni, "All kind of hair are plait here," wakabishana juu yake karibu nusu kipindi. Kila mara Bi Esi aliwarudisha palepale: "Na huyu mwenye saluni, alikuwa anafikiri nini?" Hakutaka watoke pale wakiwadharau watu wa mitaani kwao.

Halafu akasimama binti wa fundi cherehani. Alikuwa mtoto mkimya, wa dawati la dirishani, mwenye mwandiko mdogo kama wa mtu anayebana wino.

"Mwalimu, ya kwangu iko karibu."

"Karibu wapi?"

"Hapa hapa."

Akaenda ubaoni akaandika kwa herufi kubwa: WE PRODUCES LEADERS OF TOMORROW.

Yalikuwa maneno ya getini, yaliyopakwa kwa rangi nyekundu juu ya chuma, yanayosomeka hadi ng'ambo ya barabara. Kutoka nyuma, mtoto mmoja akanong'ona, "Tumekwisha."

Bi Esi aliyajua maneno yale tangu siku yake ya kwanza ya kazi. Alikuwa amemwambia makamu, tena zaidi ya mara moja, na makamu alimjibu, "Mama, mambo ya rangi waachie wapaka rangi." Sasa angeweza kusema kengele inakaribia, tuendelee na nyingine. Alimtazama yule binti, aliyekuwa bado ameshika chaki, masikio yamesimama kwa hofu.

"Soma," alisema. "Kosa liko wapi?"

"Esi, mwalimu. Leo imezidi. Anayetenda ni 'we', kwa hiyo ni 'produce'."

"Na aliyeandika alikuwa anafikiri nini?"

Binti alifikiri kidogo. "Labda aliona viongozi ni wengi."

"Safi kabisa. Futa iliyozidi."

Ikafutwa. Wakapiga makofi.

Jioni hiyo watoto walitoka getini wakisoma kwa sauti, na walipofika kwenye ile S waliivuta kama nyoka aliyekanyagwa: "Produce-ssssss!" Hadi wa darasa la kwanza, ambao hawakujua kinachochekwa, walipiga mluzi wa S. Makamu alisimama dirishani akiangalia. Kisha akatoa simu.

Ijumaa, watoto wakiwa wamepangwa mstarini uwanjani, gari la Mkurugenzi liliingia. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye suti ya kijivu na kitambaa cha kujifutia jasho ambacho hakikukaa mfukoni. Hakuwasalimia walimu. Aliita jina la binti wa fundi cherehani na kumtaka apande jukwaani.

"Soma maandishi ya getini."

Mtoto akasoma, kwa sauti iliyoishia mbele ya pua yake.

"Ni sahihi au si sahihi?"

Binti akatazama vidole vya miguu yake.

"Shule inakulea, inakufundisha, wewe unaigeuza kichekesho cha barabarani. Sema ni sahihi, omba radhi, urudi kwa wenzako. Ni jambo dogo."

Binti alikaza midomo. Hakusema ni sahihi.

Ndipo ukasikika mwendo wa viatu kwenye kokoto. Bi Esi alikuwa ametoka kwenye mstari wa walimu, anakata uwanja katikati, saa ya baba yake imemshuka hadi kwenye kiganja. Alipanda jukwaani na kusimama kati ya Mkurugenzi na mtoto. Kimo chake kilimfikia yule bwana kwenye tai.

"Mkurugenzi, kazi hiyo nimeitoa mimi. Ukiwa na swali, niulize mimi."

"Nakuuliza wewe basi. Ni sahihi?"

"Si sahihi."

"Unanijibu hivyo mbele ya watoto?"

"Mbele ya watoto ndipo ninapofanyia kazi. Nikisema hapa kwamba ni sahihi, kipindi cha kwanza nitaingia darasani na uso gani?" Akamgeukia binti. "Rudi mstarini, mwanangu. Hujakosea."

Mtoto alimtazama Mkurugenzi, akamtazama mwalimu wake, kisha akashuka ngazi akaenda zake. Hakuna aliyemzuia. Na hilo, waliokuwepo wanasema, lilimuuma Mkurugenzi kuliko jibu lenyewe.

"Nenda nyumbani," alimwambia Bi Esi. "Usirudi hapa mpaka uandike barua ya kuomba radhi."

Nyumbani mama yake alikuwa anachambua mchele mlangoni. Alimwona binti yake anarudi jua bado liko juu, akaweka ungo chini.

"Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Nimesimamishwa kazi."

"Umeiba?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Sasa kwa nini?"

Bi Esi akaeleza. Mama, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa "yes" na "finish", alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani umefukuzwa kwa herufi moja?"

"Moja, mama."

"Ndogo au kubwa?"

"Kubwa. Tena nyekundu."

Mama akauchukua tena ungo. "Huyo mtoto aliyesimamishwa juu, alilia?"

"Hakulia."

"Basi na wewe usilie. Nenda kaoge, tule."

Kaka yake, karani wa mahakama, hakulichukulia hivyo. Alifika kesho yake na uso wa mtu aliyeletewa aibu mlangoni. "Mdogo wangu, andika hiyo barua. Maneno hayavunji mfupa. Unaandika, unarudi kazini, mambo yanaisha."

"Yanaisha kwa nani, kaka? Yule mtoto ataniona nimerudi, atajua nimerudi kwa kusema uongo juu yake."

"Mtoto atasahau."

"Mimi nilisahau?" aliuliza, na kaka yake, aliyekumbuka vizuri ule mwaka wa kimya, akageukia kikombe chake cha chai.

Barua haikuandikwa. Basi shule ikamwandikia. Tarishi wa ofisi aliileta kwenye bahasha, imeshachapwa kwa Kiingereza, imebaki kusainiwa tu. Ilisema: "I am regret for my behaviours that has bring shame to the school. I promise I will never repeated again." Chini lilikuwa jina lake na mstari wa kuwekea sahihi.

Alipoisoma mara ya kwanza aliitupa mezani kwa hasira. Alipoisoma mara ya pili akaanza kucheka, akacheka hadi mama yake akaja kuchungulia. Kisha akamwomba tarishi asubiri kidogo, akamkaribisha chai, akachukua kalamu nyekundu. Alisahihisha barua nzima, neno kwa neno, na pembeni akaandika maelezo mafupi kama anavyowaandikia watoto: hapa kitenzi kinataka hiki, hapa wakati umechanganyika, hapa umekaribia sana, jaribu tena. Mwisho kabisa akaandika kwa Kiswahili: "Kiingereza sasa kimekaa sawa. Lakini maneno yenyewe si yangu, kwa hiyo sisaini." Akaikunja, akaitia kwenye bahasha ileile, akamrudishia tarishi.

Wakati huohuo makamu alikuwa amemwita fundi cherehani ili akiri kwa maandishi kwamba mwanawe ni mtovu wa nidhamu. Fundi alikuja moja kwa moja kutoka kazini, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, nyuzi zimemganda kwenye suruali.

"Mwanangu aliambiwa atafute makosa," alisema. "Ametafuta. Kama mlitaka ya nje tu, mngemwambia kuna mpaka."

"Mzee, ni suala la heshima."

"Heshima anayo. Mbona hamkumsikia akitukana mtu? Mimi hapo siweki kidole." Akainuka. "Na shule haachi. Aliyekosea ndiye anayekimbia. Kesho utamwona dawatini kwake."

Na kweli alimwona.

Haukupita muda Mkurugenzi akamwita Bi Esi ofisini kwake, peke yao, makamu akiwa ametumwa mbali. Ile barua ilikuwa mezani, nyekundu tupu. Mkurugenzi hakuanza kwa ukali. Alikuwa anaitazama kama mgonjwa anavyotazama majibu ya hospitali.

"Kumbe hata hii imejaa makosa," alisema.

"Aliyeiandika alikuwa na haraka."

Akafuta jasho. "Ile ya getini niliiandika mimi. Si makamu, si mpaka rangi. Mimi. Kiwanja hiki kilikuwa kitupu, nimesimama na vumbi miguuni, naiona shule nzima kichwani. Shule yenyewe sikuimaliza, nilitolewa mapema nikauze matairi. Lakini sentensi ile ilinijia kwa Kiingereza, nikasema hii itakaa getini." Akaisogeza ile barua kando. "Sisi tuko wengi. Viongozi ni wengi. Nikaona wingi unataka S."

"Ulifikiri vizuri," alisema Bi Esi. Yalimtoka kwa mazoea, lakini alipoyasema aliona kwamba ni kweli. "Book, books. Leader, leaders. Wingi unaitaka. Ila kwenye vitenzi mambo yamegeuzwa, S ni ya mtu mmoja. Hukuwa mbali."

Yule bwana alimtazama kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa hivyo kuhusu Kiingereza maishani mwake.

"Mbona sikuambiwa?"

"Nilimwambia makamu. Zaidi ya mara moja."

Mkurugenzi akatazama mlango. Kisha akajiweka sawa kitini, na akarudi kuwa Mkurugenzi.

"Tufanye hivi. Wikiendi mpaka rangi anakuja, anaifunika hiyo S kimyakimya. Jumatatu unaingia darasani. Barua tunaichana. Hakuna wa kuuliza, hakuna wa kujibu."

Lilikuwa pendekezo zuri, na Bi Esi alijua. Alifikiria kodi ya vyumba, na mama, na darasa lake la saba lenye mtihani mbele yao.

"Na binti?"

"Binti yumo darasani, anasoma. Ananyamaza kama wengine."

"Alisimamishwa mbele ya shule nzima, Mkurugenzi. Asafishwe mbele ya shule nzima. Sikuambii uombe radhi. Sema tu kwamba mtoto alikuwa sahihi. Maneno machache."

"Mimi? Mbele ya watoto niliowajengea shule?"

"Haohao."

Alitikisa kichwa polepole. "Hilo siwezi."

"Basi na mimi siwezi."

Akainuka, akachukua mkoba wake. Mkurugenzi akasema, bila kupandisha sauti, "Una jeuri wewe mwanamke."

"Ninayo," alisema, akafungua mlango mwenyewe.

S ilifunikwa wikiendi ile. Rangi mpya haikufanana na ya zamani, pakabaki pengo kama jino lililong'oka, na watoto walipolisoma bango walisimama hapo kidogo kabla ya kuendelea. Makamu alihamishiwa tawi lingine la shule, kwa sababu ambazo hazikutangazwa. Binti wa fundi cherehani alimaliza mwaka wake pale, akapita getini kila asubuhi kichwa juu, na hakuna mwalimu aliyethubutu kumgusia habari ile. Lakini hakusafishwa mstarini, na Bi Esi hakurudi.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu, wala hakuificha. Alifundisha watoto majumbani kwa watu, akitembea kutoka mtaa mmoja hadi mwingine hadi soli za viatu zikamfanya rafiki wa karibu wa fundi viatu wa mbele ya nyumba. Aliomba kazi. Kwenye shule moja yenye bustani nzuri walimuuliza kwa nini aliondoka kule alikotoka, akawaeleza kama ilivyotokea, S na jukwaa na barua. Walitabasamu wakasema watampigia. Simu haikulia.

"Sema uliondoka kwa sababu za kifamilia," kaka yake alimsihi.

"Familia yangu haijanifukuza."

"Unaelewa ninachosema!"

"Naelewa, kaka. Ndiyo maana sitaki."

Kwenye shule nyingine hawakumuuliza, akasema mwenyewe kabla ya kuketi vizuri. Nako hawakupiga simu. Mama yake aliacha kumuuliza mambo yalikwendaje. Akirudi tu, alimwekea chakula na kumhadithia mambo ya majirani.

Mwishowe alipata nafasi ya kuonana na mkuu wa shule moja ya serikali, upande wa pili wa mji, jengo refu la chini lisilo na vioo madirishani. Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza habari yote akiwa anapanga chaki kwenye kopo. Hakucheka, hakutikisa kichwa.

"Hapa ukutani hatuna Kiingereza," mkuu wa shule alisema, Bi Esi alipomaliza. "Hatuna rangi. Darasa moja lina watoto wanaobanana watano watano kwenye dawati, na mwalimu wao wa Kiingereza alihama. Ukibishana na mimi, bishana ofisini kwanza. Nikikataa kusikia, nenda jukwaani. Unaanza lini?"

"Leo."

"Leo hatujaandikiana hata karatasi."

"Karatasi tutaandikiana watoto wakitoka."

Mkuu wa shule alimwangalia, akachukua vipande viwili vya chaki kwenye kopo, akatangulia njia. Darasani watoto walisimama kwa kishindo na kuimba salamu ya Kiingereza, yote kwa pumzi moja, maneno yakigongana kama watu wanaotoka mlango mmoja. Bi Esi aliisikiliza hadi mwisho. Akaweka mkoba wake mezani, akakunja mikono ya blauzi.

"Kaeni," alisema. "Kwanza tuambiane ukweli. Nani humu anakiogopa Kiingereza?"

Hakuna aliyejitokeza. Walitazamana. Kisha mkono mmoja ukapanda mbele, mwingine ukapanda nyuma, mara darasa zima likawa mikono mitupu. Mkuu wa shule alikuwa bado amesimama mlangoni. Alirekebisha miwani yake, akatazama nyuma kama kuna mtu barazani, halafu naye akanyoosha wake.